Kahawa Yenye Ladha ya Bati

Mama Kabula alizikwa Alhamisi, lakini tangu Jumatano nyumba ilikuwa imejaa watu ambao sikuwa nimewaona kwa miaka mingi. Wapangaji wa zamani walikuja kutoka Buswelu, Sengerema na hata Shinyanga, na kila aliyefika alisimama kidogo penye geti la bati akautazama ua, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichohamishwa. Hakukuwa na kilichohamishwa. Bomba lilikuwa palepale, kamba ya kuanikia nguo palepale, na mimi palepale, mpangaji wa chumba cha mwisho karibu na choo. Katika wote waliopita kwenye ile nyumba ya Igoma, mimi ndiye niliyesahau kuhama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nimechuchumaa, nanyoosha mguu wa jiko kubwa la msiba, niliposikia mwanamke akiwauliza wapishi, "Na kahawa ya wazee anaipika nani?" Sikugeuka. Niliendelea kugonga mguu ambao ulikuwa umeshanyooka. Ilikuwa sauti ya Koku, na mara ya mwisho kuisikia ilikuwa stendi ya Nyegezi, nikiwa kijana mwenye shati la mfuko mmoja.

Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, ule tuliopika kahawa. Nilikuwa nimepita miaka ishirini kidogo, na kazi yangu ilikuwa hii ninayoifanya hadi leo, ufundi bati. Karakana yetu ilikuwa kibanda cha wazi kando ya barabara ya Musoma. Tulitengeneza majiko ya mkaa, faneli za mafuta ya taa, ndoo za kumwagilia bustani na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nilikuwa mtu wa aibu. Nilimaliza darasa la saba bila walimu kuijua vizuri sauti yangu, na pale karakana wateja walizungumza na Shija, mwenzangu, ambaye alikuwa na maneno ya kututosha wote wawili. Koku alikuwa amehamia chumba cha pili kutoka changu mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa Mhaya, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alifanya usafi kwenye nyumba ya wageni upande wa mjini. Tulikuwa tukisalimiana penye bomba, basi. Siku moja mchana akaja karakana amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akakifungua juu ya meza yetu taratibu, kama anayemfungua mtoto mgongoni.

"Fundi, hiki unaweza kukifufua?"

Shija aliwahi kabla yangu. "Dada, hiyo ni pampu ya baiskeli au ya kuulia mbu?"

"Ni ya kahawa."

"Kumbe kahawa nayo inajazwa upepo siku hizi!"

Kilikuwa chombo ambacho mgeni mmoja alikiacha chumbani alipoondoka. Kilikuwa na mshikio, mfuniko, na kijiti cha chuma chenye chujio la waya mwishoni. Koku alinieleza mimi, si Shija: unachanganya kahawa na maji ya moto, unasubiri, kisha unasukuma kijiti na mashapo yanabaki chini. Kilichokosekana ni mwili wake wa kioo, ambao ulikuwa umepasuka. Aliuliza kama naweza kumtengenezea mwili wa bati. Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu akiitikia kwa kichwa, dada," Shija akasema, "ujue amehutubia."

Nilifanya ile kazi kwa siku kadhaa, zaidi ya ilivyohitaji. Nilikunja bati jipya, nikalehemu mshono hadi ukawa kama uzi, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Jumapili tukakusanyika uani. Koku alichemsha maji, akatia kahawa, akasubiri, akasukuma kijiti, na kikateremka vizuri kabisa mpaka nikajisikia fahari. Akammiminia Mama Kabula kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba na ndiye mkubwa. Mama Kabula akanywa funda moja, akageuka upande wa mfereji, akatema.

"Mwanangu, umepika kahawa au umechemsha misumari?"

Shija naye akaonja, akatema mbali zaidi, kwa mbwembwe. Koku akaonja mwisho. Alishikilia ile kahawa mdomoni muda mrefu, macho yameelekea juu, kisha naye akainama akatema. "Ina ladha ya bati," akasema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mganga anayetaja ugonjwa. Mimi nilitamani mfereji unichukue. Lakini alipokuwa akisuuza vikombe alisema, bila kunitazama, "Jumapili ijayo tujaribu kingine." Nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikafikiria vitu vyote duniani ambavyo havijatengenezwa kwa bati.

Hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyoanza. Chumba chake nakikumbuka kuliko changu ambamo nimelala miaka yote hii. Kulikuwa na kitanda nyuma ya pazia la maua ya zambarau, stuli mbili, rafu ya mbao za makreti ya soda, na dirisha dogo ambalo mchana lilitupa mraba wa mwanga sakafuni. Jumapili alipika ndizi na maharage, akazikoroga na samli kidogo iliyotoka kwao, na mimi nilikuja na dagaa niliokaanga kwa vitunguu, kwa sababu niliona aibu kuja mikono mitupu. Tulikula kwenye sinia moja. Yeye alizungumza, mimi nilisikiliza, na leo nikifikiria naona kwamba sijawahi kuzungumza na mtu kwa wingi kama nilivyozungumza naye nikiwa kimya. Ni katika sinia hilo aliponieleza tunapikia nini hasa. Baba yake, kule Bukoba vijijini, alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwaka. Akipata shughuli yake mwenyewe Mwanza, isiyo ya kufagia vyumba vya watu, abaki. Asipopata, arudi nyumbani, na Krismasi imkute huko. Na shughuli aliyoitaka ni kahawa. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula stendi ya Nyegezi alikuwa tayari kumpa kona, ila kwanza aone hiyo kahawa yake ina nini ambacho wauza kahawa wengine hawana.

"Kahawa inalimwa kwetu," Koku alisema, "halafu tunaipika mpaka inakuwa lami, tunatia tangawizi tusiisikie. Nataka mtu aisikie yenyewe, walau mara moja."

Kwa hiyo nilijua tangu mapema. Kahawa ikikubali, anabaki. Ikikataa, anaondoka. Nilijua pia kwamba nataka abaki, na kwamba mimi si mtu wa kusema jambo kama hilo, kwa hiyo njia yangu ilikuwa moja tu, kuisaidia kahawa ikubali.

Juu ya rafu yake, nyuma ya mafuta ya kujipaka, kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nilidhani ni kahawa nyingine ya kusaga, nikainuka kukichukua. Akacheka. "Hizo acha. Hizo ni akamwani, za kutafuna. Zinachemshwa na majani zikiwa mbichi, zinaanikwa. Kwetu mgeni akifika, kabla ya maji, anapewa hizo."

Nikakaa. Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana aliongeza, "Sasa wewe si mgeni. Unakuja kila Jumapili na dagaa wako." Tukacheka. Sikuuliza zaidi. Nilifurahi tu kuambiwa mimi si mgeni, na furaha ile ilinitosha nisitake kujua mengine.

Majaribio yetu yalikuwa na aibu zake. Tulichukua chupa ya jemu, nikapunguza lile chujio la waya likaingia sawasawa, na kahawa ya kwanza ilitoka safi. Ya pili Koku alimimina maji yanayotokota kwenye chupa baridi, ikalia tak, chini yote ikabaki mezani. Tukajifunza kuipasha chupa kwanza. Tukaona unga wetu ni mkubwa na mdogo kwa pamoja, tukaazima kinu cha Mama Kabula, tukatwanga mpaka mikono ikauma, na kahawa ikatoka ikiwa na macho ya mafuta yanayoelea juu kama mchuzi. Kumbe kinu kilikuwa cha karanga. "Mngesema mnataka supu," Mama Kabula alisema, na akainywa yote. Tukakaanga buni kwenye kikaango. Moshi ulijaa ua, shuka za jirani zikanuka, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kutoka chumba cha mbele kama siku hizi hapa panapikwa gongo. Tukahamia kukaangia kwenye chungu kwa moto mdogo, tukawa tunazitoa mapema zaidi kila Jumapili, kabla hazijawa nyeusi, zikiwa na rangi ya viatu vya shule vilivyochakaa, na harufu ikabadilika. Badala ya mkaa ikawa kama mkate, na nyuma ya mkate kitu cha udongo baada ya mvua.

Kitambaa kilikuwa wazo langu. Niliona wanawake wakichuja tui, nikasema, na huenda ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizosema mwezi ule, kwamba labda waya unapitisha vumbi na nguo haitapitisha. Tukakata shati langu jeupe la zamani. Kahawa ikanuka sabuni ya unga. Tukakichemsha kitambaa, tukakichemsha tena, tukakianika bila sabuni. Halafu kikahitaji cha kukishikilia juu ya kikombe. Mtu wa bati angetengeneza faneli ya bati, na mikono yangu ilianza kuikata kabla sijafikiri. Nikaiacha. Nilichukua waya, nikasuka kikapu kidogo chenye miguu mitatu, kitambaa kikaning'inia ndani yake kama mtoto kwenye beleko, na kahawa ikadondoka kutoka nguo hadi kikombe bila kugusa chuma popote.

Kuta za nyumba ile haziendi mpaka juu. Zinaishia chini ya paa, na maneno ya chumba kimoja yanatembea kwenda kingine. Jioni moja nilikuwa nimejilaza nikasikia Mama Kabula yuko kwa Koku, anachambua mchele.

"Hivi huyu Masele huwa anasema?"

"Anasema, mama. Anasema na waya."

"Mwanamume asiyesema ni hasara, mwanangu. Utajuaje anachotaka?"

"Na asiyenyamaza je? Si ndiye Shija?"

Wakacheka wote wawili. Kisha nikasikia mchele ukipepetwa, na Koku akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Nitajua. Kuna njia ya kujua." Nilibaki nimetazama paa. Nilidhani anazungumzia kahawa.

Siku ambayo kahawa ilikubali kulikuwa na mvua za vuli. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inapiga bati kiasi kwamba huwezi kumsikia aliye karibu nawe, na ziwa, ambalo siku safi tulikuwa tukiliona kipande kidogo kati ya miamba ya mlimani, lilikuwa limefutika. Kikombe kilikuwa kimoja, kingine kilikuwa kimevunjika asubuhi. Koku aliacha birika litulie baada ya kuchemka, jambo tulilolifahamu kwa bahati siku moja alipoitwa nje. Akamwaga maji kidogo kwanza, unga ukafura na kutoa povu, akasubiri, akamwaga tena kwa mzunguko. Tulitazama matone. Yalikuwa na rangi ya asali nyeusi, na mtu aliweza kuona mwanga wa dirisha ndani yake. Akanywa. Akafumba macho. Akanipa kikombe, nami nikanywa upande uleule alionywea yeye, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amekigeuza. Sina maneno mazuri ya ile ladha. Ilikuwa chungu kidogo mwanzoni, halafu uchungu ukaondoka na kuacha kitu kama tunda, na nikakumbuka kwamba ndiyo, kahawa ni tunda, iliwahi kuwa nyekundu mtini.

"Sasa naweza kubaki," Koku akasema.

Mvua ilikuwa imepungua, nilimsikia vizuri. Alikuwa ananitazama. Neno lililotakiwa ni moja, baki, na lilikuwa mdomoni mwangu kabisa, karibu na kahawa. Nikasema, "Waya umekaa vizuri."

Alinitazama kidogo zaidi. "Ndiyo, fundi," akasema. "Waya umekaa vizuri sana."

Nimekaa na jibu lile miaka mingi. Nikiwa peke yangu karakana bado hulirudia, nikibadilisha maneno, na chumba kile kinarudi chote, pazia la zambarau, kikombe kimoja, sauti ya mvua inayokwisha.

Kwenda Nyegezi tulichagua Jumamosi asubuhi. Mama wa kibanda alitupa meza pembeni ya masufuria yake ya supu. Nilikuwa nimesuka vikapu vitatu vya waya ili tuchuje vikombe vitatu kwa pamoja, na Koku alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye begi, anakwenda Geita. Akatazama matone yanavyoanguka.

"Dada, hii inatengenezwa au inaumwa?"

"Subiri kidogo, kaka, ni nzuri."

"Basi langu linanguruma pale. Likiondoka utanibeba wewe?"

Alipopata kikombe alikitazama kwenye mwanga. "Umeishiwa kahawa? Hii chai ya rangi." Akauliza tangawizi iko wapi. Mwingine akauliza kwa nini haipandi kichwani. Mwanamke mmoja mzee alikunywa taratibu, akasema, "Nzuri, mjukuu wangu, inafaa mgonjwa." Dereva mmoja alipiga honi, wateja wawili wakakimbia wakaacha vikapu vikidondosha kahawa yao taratibu bila wenyewe, tone moja, tone lingine, na upande wa pili wa stendi muuza kahawa mwenye birika jeusi alikuwa anamimina vikombe bila hata kuangalia. Nilisimama nyuma ya Koku, nikaona mabega yake yakishuka kidogo kidogo. Tulipokuwa tunafungasha, mama wa kibanda alikuja na mabakuli mawili ya supu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameionja ile kahawa, akamaliza kikombe.

"Kahawa yako ni ya mtu aliyekaa," alimwambia Koku. "Hapa hakuna aliyekaa, mwanangu. Hapa kila mtu anaondoka."

Koku hakujaribu mahali pengine. Mimi nilijaribu kwa njia yangu. Nilisuka kikapu kikubwa cha kuchujia vikombe vingi mara moja, nikakiweka mlangoni kwake bila kubisha. Alikitumia kuwekea vitunguu. Kaka yake alipiga simu, baba anauliza. Jumapili tuliendelea kula, ndizi na dagaa, na kahawa tuliipika hivyo hivyo, ya watu wawili waliokaa, ila hatukuzungumzia tena ladha yake.

Aliondoka Desemba. Basi la Bukoba lilikuwa la alfajiri, nilimbebea begi mpaka Nyegezi, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Stendi ilikuwa imejaa watu wa sikukuu, kuku, matenga, watoto wamelala mabegani. Tulisimama karibu na mlango wa basi. Mpiga debe alikuwa akimharakisha. Koku akafungua mkoba, akatoa kile kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua, akaniwekea kiganjani kahawa chache kavu za kutafuna. Hakuondoa mkono wake mara moja. Alinitazama usoni, akasubiri.

Niliona kwamba amenipa kitu alichokuwa hampi mtu. Niliona kwamba ndicho kitu pekee cha kwake nitakachobaki nacho. Ningewezaje kukitia mdomoni kikaisha palepale? Nikasema, "Asante, dada Koku," nikazitia kwenye mfuko wa shati, nikaufunga kifungo, nikaweka mkono juu yake ili aone jinsi nilivyozitunza.

Uso wake ulibadilika. Nilidhani ni huzuni ya safari. "Haya, fundi," akasema. "Baki salama." Akapanda. Jioni ile nilikata bati jipya, nikatengeneza kikopo kidogo chenye mfuniko unaokaza, mshono mwembamba kuliko yote niliyowahi kulehemu, nikaziweka humo. Namba yake ya simu ilipatikana kwa miezi michache, tukasalimiana mara mbili kwa ujumbe mfupi, kisha haikupatikana tena. Shija alihamia Kahama. Chumba cha pili kutoka changu kiliingia watu wengine, na wengine tena.

Sasa narudi kwenye Alhamisi ya mazishi. Tulipotoka makaburini watu walikaa kwenye mikeka uani, na Koku alikuwa amekwisha kupika kahawa ya wazee, kwenye sufuria kubwa, nyeusi, ya tangawizi, ileile iliyotushinda. Alikuwa amenenepa kidogo na mvi zilikuwa zimeanza pembeni. Alikuwa na binti wa kama darasa la nne aliyemfuata nyuma na trei ya vikombe. Baba wa mtoto, nilisikia akiwaambia wanawake, amebaki Bukoba na ng'ombe. Binti akaniambia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikapokea kikombe. Nikasikia Koku akicheka chini chini na mzee mmoja juu ya kinu cha karanga cha marehemu. Kisha akatoa mkobani kifurushi cha jani la mgomba. Alipita kwa wazee mmoja mmoja. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, akatia mdomoni, akatafuna mbele yake, ndipo yeye akasogea kwa mwingine. Akafika kwangu. Akachuchumaa, akaniwekea kiganjani.

"Safari hii utatafuna, fundi, au utaweka mfukoni?"

Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu halikufika mwisho. Nikatazama kiganja changu, nikawatazama wale wazee, taya zao zikienda taratibu.

"Kwani mfukoni ni vibaya?"

"Si vibaya. Kwetu, ukimpa mtu akatafuna palepale, amekubali kuwa mtu wako. Akiweka mfukoni, ameshukuru tu." Kisha akasema polepole zaidi, "Masele, hukujua?"

"Sikujua."

Watu walikuwa wanazungumza pande zote, mtu anatafuta chumvi, mtu anauliza nani atalala hapa. Yeye alikuwa bado amechuchumaa. "Basi lilifika Sengerema bado nalia," akasema. "Nikajiambia, angalau amejibu."

Nikatia zile kahawa mdomoni. Zilikuwa ngumu, kisha zikapasuka, chungu, zenye moshi na majani, na nilizitafuna mbele yake bila kuondoa macho, jambo ambalo katika maisha yangu sijamfanyia mtu. Nilipomeza nikasema, "Zile sikuzitupa. Zipo ndani."

"Zipi?"

Nikainuka. Chumba cha mwisho karibu na choo hakiko mbali. Kikopo kilikuwa kwenye rafu ya juu, kimepoteza mng'ao, mfuniko umekaza kiasi kwamba nilikileta kwake bado kimefungwa. Alikigeuza mikononi, akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia juu hadi chini, kama anayesoma. Akaufungua mfuniko kwa ukucha. Kahawa zilikuwa nyeusi, zimesinyaa, zimekuwa ndogo kama vichwa vya misumari.

"Acha, Koku. Zimezeeka."

"Sisi je?" akasema, akachukua moja akaitia mdomoni.

Alitafuna muda mrefu, macho yameelekea juu, vilevile kama Jumapili ile ya kwanza penye mfereji. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akajiziba mdomo kwa kiganja, maana tulikuwa msibani.

"Fundi."

"Naam."

"Zina ladha ya bati."

Binti yake akaja na trei tupu, akamtazama mama yake mwenye machozi na kicheko kwa pamoja, akamwuliza kama amletee maji asukutue. Mfereji ulikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Koku akatikisa kichwa kukataa. Hakuitema. Aliendelea kuitafuna, mbele yangu, mpaka ikaisha.